Nilimpandisha mama juu ya pangaboi

Mama yangu yupo Mwanza na kila nikimpigia video lazima aulize, "lile pangaboi lenu bado linapuliza tu huko porini?" Nimeshamwambia mara mia sio sisi tunaopuliza, upepo ndio unatusukuma, anacheka tu. Basi Julai hii nkasema ngoja nimpandishe juu kwa simu ajionee.

Nipo Sweetwater, magharibi mwa Texas, huku mitambo ya upepo ya kufua umeme imejipanga kama mkonge wa Korogwe, hauoni mwisho. Kabla sijaja nilikuwa fundi gari Mabatini, na nilijua kabisa huku naanza moja. Kumbe wapi.

Hizi tunazohudumia ni za megawati 1.5, ngazi mita 80, lifti hakuna. Kuna kamba ya mota inakuvuta kidogo inakupunguzia uzito ila magoti yanajua ukweli. Ukifika unafungua kifuniko unaingia kwenye kijumba cha juu, tunakiita naseli, na kwa fundi gari ni kama umeingia uvunguni mwa Scania. Mbele kuna shafti nene kuliko kiuno changu, imelala kwenye beringi moja kubwa, inaingia kwenye giaboksi, giaboksi inatoa shafti ndogo yenye diski ya breki, halafu koplingi, halafu jenereta. Ni gari lililogeuzwa yaani, kwenye gari injini inakimbia giaboksi inapunguza, huku mapanga yanakwenda taratibu, mizunguko 20 kwa dakika yakiwa yamechangamka, giaboksi inazidisha mara 72, jenereta inapata 1,440. Na hiyo 20 isikudanganye, ncha ya panga inakimbia karibu kilomita 290 kwa saa.

Breki ndio ilinichanganya mwanzoni. Nilijua ile diski ndio inasimamisha, kumbe upepo ukikolea ukaitegemea ile pedi peke yake utachoma kila kitu. Wanaosimamisha ni mapanga yenyewe, kila moja lina mota yake mle kwenye kichwa yanapokutana, linageuzwa upepo unapita ubavuni bila kushika. Diski ni kama hendibreki, ya kushikilia, au siku ya dharura. (Ndugu zetu Kenya wanazo 365 pale Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, za kilowati 850 kila moja, ndogo kuliko hizi ila giaboksi na jenereta vile vile, fundi wa kule akija huku hapotei.)

Siku hiyo tulipandia kaboni. Kama umewahi kufungua stata ya gari unazijua, vitofali vidogo vyeusi vyenye springi vinavyosugua ringi ili umeme uingie kwenye kinachozunguka. Huku ni hivyo hivyo ila kubwa. Nikafungua kifuniko nyuma ya jenereta vumbi jeusi likanipokea, hata na barakoa jioni ukipenga kamasi unatoa wino. Moja ilikuwa imeisha imebaki kama kucha. Nikaingiza mkono kwenye begi kutafuta soketi ya 10, haipo. Ipo kwenye pikapu juu ya dashibodi, naiona kabisa akilini. Mwenzangu, mzee mmoja wa hapa hapa, hakusema neno, alikaa pembeni akafungua mkate wake akaanza kula. Winchi ya kuvutia mizigo ipo, ila wa kufunga mzigo kule chini nani wakati wote wawili tuko juu? Nikashuka nikapanda, nje jua linawaka, na mle ndani ni oveni.

Tulipomaliza ndio nikampigia, huku saa sita mchana kwao saa mbili usiku. Cha kwanza, "mwanangu wamekupaka masizi?" Nikamwonyesha giaboksi, jenereta, mota zinazokigeuza kijumba kizima kiufuate upepo, kebo za umeme zinazoshuka chini zikijisokota mpaka mtambo wenyewe unajirudisha nyuma kuzifungua. Akawa anaitikia ee, ee, sijui kama alikuwa anasikiliza. Halafu akauliza, "na umeme ukikatika huko?"

Nikamweleza, jenereta ya hivi inataka umeme wa laini kupitia zile kaboni ndipo nayo itoe wake, kwa hiyo laini ikifa betri zinageuza mapanga, mtambo unasimama.

"Yaani linatengeneza umeme halafu nalo linasubiri urudi kama sisi?"

"Ndio mama."

Kimya kidogo. "Hebu geuza simu nizione hizo betri."

Nikamwambia zipo kule kwenye kichwa cha mapanga, kufika ni mpaka utoke nje juu ya paa umejifunga mkanda.

"Basi kaa hapo hapo."