Roboti wetu wa zamu anajua hata mbalamwezi

Tunacheza Civilization VI, gemu ya kompyuta ya kujenga miji na kupigania dola, kwa timu, watatu wa Kanda ya Ziwa dhidi ya watatu wa Dar es Salaam. Mimi ni fundi wa laptop hapa Mwanza, maeneo ya Makoroboi. Shemeji yangu yuko Nansio, Ukerewe, ana mitumbwi ya dagaa. Wa tatu ni dada mmoja muuguzi wa Bukoba, na huyo ndiye jemadari, maana sisi wawili tukiachiwa tutajenga mahekalu mpaka adui aingie sebuleni.

Kukaa mezani wote kwa saa moja hatuwezi, kwa hiyo tunatumia Play by Cloud. Gemu inakaa kwenye seva, unacheza zamu yako ukipata nafasi, unafunga, inaenda kwa anayefuata. Ni polepole, sikatai. Hata ule mwendo wa haraka kuliko yote, unaoitwa Online, una zamu 250. Mkizungusha mara moja kwa siku, hiyo ni zaidi ya miezi minane. Mwendo wa kawaida ni zamu 500, na huo simshauri mtu mwenye familia.

Kinachoua michezo ya namna hii ni lile swali la kwenye grupu: "Jamani, zamu ya nani?" Watu sita, kila mmoja anadhani anasubiri mwenzake, na siku tatu zimeshapita.

Dawa yake imo ndani ya gemu yenyewe, ila wengi hawaigusi. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuweka anwani ambayo gemu itaipigia hodi zamu inapobadilika. Inachotuma ni vitu vitatu tu: value1 ni jina la mchezo, value2 jina la mchezaji, value3 namba ya zamu. Mimi nilitaka ujumbe ufike kwenye grupu letu la Telegram, lakini Telegram haielewi lugha hiyo, yenyewe inataka chat_id (namba ya grupu) na text (maneno yenyewe). Basi nikaweka tarishi katikati kwa Google Apps Script, yaani msimbo wako unaofanya kazi kwenye kompyuta za Google, tena bure. Kazi ya doPost, kile kipande cha msimbo kinachopokea hodi, ni kusoma vile vitatu, kutunga sentensi ya Kiswahili na kumkabidhi roboti wa Telegram, yaani akaunti inayotuma ujumbe yenyewe, aiseme. Sina kompyuta inayowaka usiku kucha, na kwa umeme tunaoujua, sitaki kuwa nayo. Tokeni ya roboti, yaani ufunguo wake wa siri, iweke kwenye Script Properties, sehemu ya mipangilio ya Apps Script, usiiandike ndani ya msimbo, hasa kama una marafiki wa Dar.

Kazi kubwa ilikuwa kumfundisha roboti maisha ya watu. Shemeji siku za giza yuko ziwani usiku kucha na taa zake, anarudi alfajiri, anahangaika na mzigo, halafu analala. Ukimkumbusha saa mbili asubuhi unamkosea adabu. Mbalamwezi ikiingia dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na hapo anaweza kucheza hata saa sita usiku. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo ukiwa na tarehe moja ya mwezi mpevu, roboti anahesabu mwenyewe: siku za giza amkumbushe saa kumi jioni, siku za mbalamwezi wakati wowote. Ratiba ya dada haifuati mwezi wala jua, hivyo anaijaza mwenyewe kwenye Google Sheets, jedwali la mtandaoni tunaloliona wote.

Hiyo Sheets ndiyo iliyotugeuza kuwa timu, na wazo lilikuwa la dada. Alisema wodini huondoki bila kukabidhi: nini kimefanyika, nini kimebaki, nini cha kuangalia. Basi kila anayemaliza zamu anajaza safu hizo tatu, na roboti anazisoma pamoja na jina la anayefuata. Juzi mizinga yangu ilikuwa imebomoa ukuta wa mji mmoja wa Dar, na mwenye askari wa bunduki wa kuingia ni shemeji. Akapata ujumbe huu: "Ukuta umekwisha. Ingia kutoka mashariki. Angalia farasi wao nyuma ya kilima." Mji usipozingirwa pande zote hujiponya kidogo kila zamu, kwa hiyo kama mtu wa Dar angekuwa katikati yetu kwenye mpangilio, nusu ya baruti yangu ingepotea bure. Ndiyo maana mnapoanzisha mchezo wa timu, kaeni nafasi zinazofuatana. Hilo litawafaa kuliko roboti yeyote.

Shemeji hapendi kuandika. Anatuma sauti, upepo na mashine ya boti nyuma yake, na roboti wangu hana masikio. Tumekubaliana kwamba atakayeisikia kwanza ataijaza kwenye Sheets. Mara nyingi ni dada, na akiandika yeye, dakika mbili za hadithi ya shemeji zinakuwa maneno sita.

Watu wa Dar wameshashtuka kwamba hatucheleweshi zamu tena na mashambulizi yetu yamekaa sawa. Wameomba msimbo. Mimi ningewapa, si siri ya serikali, lakini dada amesema wasubiri mji uanguke kwanza.