Siku Baba Aliposikiliza Injini ya TVR

Baba yangu hakuwahi kuliamini gari kwa macho. Katika gereji aliyofanyia kazi Mwembe Tayari, Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 70, mwenye gari akianza tu kueleza maradhi ya gari lake, Baba alimwinulia mkono anyamaze. Alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, akaisimamisha ncha juu ya injini, na mpini akaukandamiza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kisha akafumba macho. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu kumshikia taa, na nilijua kwamba kwa dakika hiyo hata kukohoa ni kosa.

Magari mengi yaliyokuja pale yalikuwa Land Rover za kampuni za watalii, na mara mojamoja Renji, yaani Range Rover, ya tajiri fulani. Renji ndiyo niliyokuwa nikiingojea. Land Rover zile zilikoroma kama mashine ya kusaga. Renji ilinguruma chini kwa chini, sauti nzito inayokuja kwa mawimbi, kama ngoma kubwa inayopigwa mtaa wa pili. Baba akanieleza kwamba hiyo ni V8, silinda nane, nne huku na nne kule, na kwamba haziwaki kwa kufuatana bali kila moja ina zamu yake: moja, nane, nne, tatu, sita, tano, saba, mbili. Nambari hizo nilizihifadhi wakati mmoja na sura fupi za chuoni, na hadi leo zinanitoka mdomoni bila kuzifikiria.

Nimeanzia huko kwa sababu watu wananiuliza kwa nini mtu wa Mombasa mwenye watoto watatu na kazi ya usiku kwenye ghala la Preston, Uingereza, alijinyima miaka minane anunue gari la watu wawili. Wanadhani ni mbio. Mbio zimo, sitasema uongo. Lakini jioni ya mwaka 1999 nilipokuwa kituo cha basi nimelowa mvua, sikuona mbio zozote. Nilisikia. Kabla gari lenyewe halijakata kona, ile ngoma ya mtaa wa pili ilinifikia kifuani, na nikageuka kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Likapita gari dogo la zambarau, la chini, mgongo mviringo kama pomboo, nyuma limeandikwa herufi tatu. Nikasimama pale basi langu likaondoka.

TVR zilikuwa zikitengenezwa Blackpool, mwendo usiofika nusu saa kutoka kwangu kwa treni. Trevor Wilkinson aliianzisha kampuni hiyo miaka ya 40 na akachukua herufi tatu kutoka katika jina lake mwenyewe. Huwa nafurahi kuwaambia watu kwamba Jaguar nayo ilizaliwa mji huohuo, mwaka 1922, ikitengeneza vikasha vya abiria vya kufunga ubavuni mwa pikipiki, kabla ya kuhamia Coventry. Mji wa bahari, wa bembea na peremende, ukatoa magari ya namna hiyo! TVR za zama zangu zilikuwa za Peter Wheeler, mhandisi wa kemia aliyeanza kama mteja tu, kisha mwaka 1981 akainunua kampuni nzima. Alikuwa haamini vifaa vya kumsaidia dereva. Hakuna ABS ya kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki, hakuna mifuko ya hewa, hakuna kompyuta ya kuzuia magurudumu yasiteleze. Mguu wako ndio kompyuta. Modeli niliyoitamani ni Chimaera: injini ya lita 4, nguvu za farasi 240, katika gari lenye uzito wa tani moja na kidogo. Renji ya kwanza ya mwaka 1970 ilikuwa na farasi 135 na karibu tani moja na robo tatu za kuvuta. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini nilikuwa nameza mate.

Agosti 2007 Baba alikuja kututembelea, na wiki hiyohiyo nikaona tangazo gazetini. Chimaera ya mwaka 1996, rangi ya kijani iliyokolea, pauni 9,500. Nilipompigia mwenye gari akasema injini imeanza kutikisika, hajui ina nini, kwa hiyo atakubali 8,000. Nilikuwa nazo 8,000 kamili. Nikamwambia Baba, twende.

Tukapanda treni hadi Blackpool, kisha tramu inayopita kando ya bahari. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, mchanga mtupu hadi macho yanaposhindwa, na Baba, mtu wa pwani, akayaangalia kwa masikitiko. "Bahari yao imekwenda wapi?" Mafundi walikuwa wanatundika taa za msimu juu ya barabara. Alivaa koti langu la baridi juu ya kanzu, na kofia yake ya vito, na watoto waliokuwa kwenye tramu walimtazama hadi tuliposhuka Bispham.

Kiwanda kilikuwa hukohuko Bispham, na mwaka uliotangulia kilikuwa kimekwisha kusimama. Mwenye gari alikuwa mzee wa makamo ya Baba aliyewahi kufanya kazi humo, upande wa bodi. Alikuwa akiuza kwa sababu magoti yake hayakuweza tena kumwinua kutoka kiti cha chini vile. Alipotufungulia gereji yake Baba alikwenda moja kwa moja kwenye mlango, akapapasa kutafuta kitasa. Hakuna. Akazunguka upande wa pili. Hakuna. Mzee akatabasamu, akapeleka kidole chini ya kioo cha pembeni, akabonyeza kidude kilichofichwa huko, mlango ukafunguka wenyewe.

Baba akagonga bodi kwa kifundo cha kidole. Akagonga tena, chini zaidi. "Hili si bati," akaniambia. "Hii faiba. Kama boti za wavuvi wetu."

Nikamtafsiria mzee, na hapo ndipo wale wawili walipopotelea kusikonihusu. Mzee akaonyesha kwa mikono jinsi walivyokuwa wakitandaza nyuzi za kioo ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, wakizipaka utomvu, wakizipitisha rola ndogo kutoa mapovu ya hewa. Povu likibaki, alisema, siku moja rangi itavimba hapo. Baba akatikisa kichwa kwa nguvu, akasema kwetu hali kadhalika, povu likibaki boti litanywa maji. Akapitisha kiganja juu ya boneti polepole, kuanzia kwenye taa hadi kioo cha mbele, akitafuta povu. Hakulipata. "Wamefanya kazi," akasema. Kwa Baba hiyo ni sifa kubwa. Sikumbuki akiitoa zaidi ya mara tatu.

Kisha gari likawashwa.

Nilitaraji moyo unipasuke kwa furaha. Badala yake ngoma ilikuja na kasoro: ilikuwa ikipiga, ikipiga, kisha inaruka pigo, na gari zima linatikisika kama mtu mwenye homa. Mafundi wa kwetu husema gari linamisi. Mzee akainamisha kichwa. Baba hakusema neno. Aliomba bisibisi ndefu, na nikamwona akiipima mkononi, akaridhika; mpini wake ulikuwa wa mti.

Akainama. Ncha juu ya injini, mpini mbele ya sikio, macho yamefumbwa. Mimi, na miaka yangu thelathini na nane, nikajikuta nimezuia pumzi.

"Huyu namjua," akasema bila kufumbua macho. "Huyu ni Renji."

Na ndivyo. Injini ile ni ya aluminiamu, asili yake Marekani: General Motors waliitengenezea magari ya Buick mwanzoni mwa miaka ya 60, wakaiacha, na mwaka 1965 Rover wakanunua haki ya kuiunda. Wakaitia katika saluni zao, kisha katika Renji, na kina TVR nao wakaichukua, wakaipanua, wakaiachia koo. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote. Ila sikuwa nimemwambia Baba hata neno. Aliifahamu kwa sikio, miaka ishirini baada ya kuachana nayo, ndani ya gari asilowahi kuliona.

Akahamisha bisibisi upande mmoja, kisha wa pili, midomo ikimchezacheza. Moja, nane, nne, tatu. Nikamfuatisha kimoyomoyo. Sita, tano. Akasimama. "Saba amelala," akasema. "Si mgonjwa. Amelala tu."

Akaomba injini izimwe. Akafuata waya za plagi mojamoja kwa vidole, kutoka nyuma hadi kwenye kifuniko cha distribyuta, kigawa umeme wa plagi, kule mbele, na mmoja ulipofika mwisho wake akautikisa. Ulikuwa umekalia juujuu. Mzee alikuwa amebadilisha plagi mwenyewe wiki mbili kabla, na waya ule hakuusukuma hadi mwisho. Baba alikuwa tayari ameuwekea kidole gumba ausukume, nami nikaona muda wangu unakwisha.

"Baba," nikasema haraka kwa Kiswahili, "tulipe kwanza. Usiurudishe. Tulipe, tukifika nyumbani utauweka."

Akaniangalia. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniangalia kama anavyomwangalia mteja aliyemletea gari akaficha kwamba lilikwisha kupinduka. "Ulipe nini? Gari zima kwa bei ya bovu? Mtu katuazima bisibisi yake." Akausukuma waya. Ulilia *tak*, sauti ndogo sana. Akamwashiria mzee awashe.

Nimejaribu mara nyingi kuieleza sauti iliyotoka na sijaridhika. Ngoma ilikuwa imekamilika. Makopo ya rangi yaliyokuwa kwenye rafu yakaanza kutetemeka kwa kibwagizo kimoja. Mzee aliweka mkono mdomoni. Kisha akazima, akapangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na akaniambia kwa upole kwamba sasa bei ni ile ya gazetini.

Nilikwenda benki. Pauni 1,500 zilizozidi zilikuwa za kubadilisha madirisha ya nyumba yetu, na madirisha yakangoja mwaka mzima. Njiani nilikuwa na hasira na Baba, na niliporudi nikawakuta wamekaa juu ya makreti wanakunywa chai, kila mmoja anaongea lugha yake, bisibisi iko mfukoni mwa koti langu alilovaa Baba. Mzee alikuwa amempa. Hasira ikaniisha pale pale, ikabaki aibu, nayo sikuwa na pa kuiweka.

Tuliondoka alasiri, paa tumelitoa na kulitia nyuma. Lami ilikuwa bado mbichi kwa mvua ya mchana, na mita mia tatu za kwanza nilikanyaga mafuta kana kwamba chini ya mguu kuna yai. Klachi nzito. Usukani unakuletea kila kijiwe cha barabarani mkononi. Baba alikuwa amekaa kiti cha kushoto, magoti mbele, akisoma "Bismillahi" kila tulipofika kwenye taa.

Tulipoingia M55, barabara kuu ya kurudi Preston, jua likawa limetoka na lami imekauka. Nikatia gia ya tatu, nikakanyaga. Gari hili halikupigi teke. Linakusukuma kutoka kiunoni, kama wimbi linavyoinyanyua ngalawa, na sukumo halipungui, linaongezeka, na sauti inabadilika: ngoma inakuwa turubai linalochanwa kutoka pembe hadi pembe. Baba alivua kofia ya vito kwa haraka akaikalia. Nikadhani ameogopa. Nilifika kilomita 110 kwa saa, mpaka wa sheria, nikaachia mguu, na ekzosi ikatoa milipuko midogo ya mafuta yanayokufa. Nikamtazama. Macho yalikuwa yamefumbwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, vidole vinahesabu.

Tuliona kibao cha njia panda kimeandikwa Leyland. Akanishika bega. "Leyland ni mji?" Maisha yake yote jina hilo alikuwa ameliona mbele ya malori na mabasi, akadhani ni la mtu. Basi tukapitiliza kwetu, tukaenda Leyland, tukazunguka mji mara mbili polepole, watu wakigeuka, Baba akisoma kila kibao kwa sauti.

Tulipofika nyumbani jioni hakushuka. Nilimwonyesha kile kirungu cha katikati unachokizungusha mlango ukafunguka, akasema amekiona. Nikazima injini. Chuma kilikuwa kinapoa, tik, tik, tik, na yeye amekaa na kofia iliyopondeka mapajani. Mke wangu alituita mara ya pili ndipo akakizungusha.

Alirudi Mombasa na bisibisi ile sandukuni. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya swala nilimpigia simu, na baada ya salamu, kabla ya wajukuu na kabla ya hali ya hewa, aliuliza, "Huyo hajambo?" Basi nikatoka nje nikamwasha, nikaiweka simu juu ya boneti, nikasogea. Kutoka pale nilipo sikuweza kumsikia, nilihesabu tu hadi mia. Nikiirudisha simu sikioni namkuta yuko kimya bado. Kisha anasema, "Wote wanane wapo."