Kivuli Kwanza

Bwana asifiwe, wapendwa.

Anayejifunza kuchora kwa rangi za mafuta huwekewa mezani vitu vichache: mtungi wa udongo, chane ya matoke mabichi, parachichi moja, na nyuma yake lubugo, kile kitambaa cha gome la mtuba. Kosa la siku ya kwanza karibu ni lilelile kwa wote. Anaona mng'aro kwenye shingo ya mtungi, anakimbilia rangi nyeupe. Akishaipaka, hana tena pa kupanda: nyeupe ya kwenye tyubu ndiyo mwanga wake wa mwisho, naye ameimaliza kabla hajajua giza la picha liko wapi.

Kazi huanzia kivulini. Finya macho mpaka vitu vipoteze majina, yabaki mabaka ya giza na ya mwanga tu. Chukua amba, rangi ya udongo wa kahawia, uizimue kwa tapentaini iwe nyepesi kama chai ya rangi, kisha upake giza lote kwa mkupuo mmoja: ubavu wa mtungi usiotazama dirisha, chini ya chane, kivuli kilicholala mezani. Nyeupe isiguse hapo, maana kivuli chenye nyeupe huonekana kama kimemwagiwa majivu. Amba hukauka upesi, siku moja au mbili.

Tabaka zinazofuata ziongezewe mafuta ya kitani kidogo kidogo, wala usigeuze utaratibu huo. Rangi hii haikauki kama nguo kambani. Hushika oksijeni ya hewani ikawa ngumu polepole. Ukipaka isiyo na mafuta juu ya yenye mafuta mengi, ya juu inakauka, ya chini bado inasogea, na picha inapasuka. (Matoke yamalizeni mapema. Yakikaa karibu na parachichi linaloiva huwahi kugeuka njano, mkajikuta mnachora ndizi nyingine.)

Wachoraji wa Ulaya hupenda dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua haliingilii huko. Kampala imekaa karibu kabisa na ikweta: tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua letu hupitia kaskazini. Tundika shuka nyeupe dirishani, la sivyo kivuli ulichokianza saa tatu asubuhi, saa tano hukioni.

Na kivuli chenyewe si cheusi. Kitazame kwa karibu: tumbo la chini la ndizi lina wekundu ulioruka kutoka kwenye lubugo.

Mwanzo 1 inahesabu siku hivi: ikawa jioni, ikawa asubuhi. Jioni imetangulia. Waswahili wa pwani nao huuita usiku wa Alhamisi "usiku wa Ijumaa"; siku inaingia na giza lake. Sisi katika shuhuda zetu hukimbilia mng'aro. Mtu bado yumo msibani, tayari tunamdai aseme jinsi Bwana alivyomtendea, na akisema, maneno yana ile rangi ya majivu.

Wiki hii tusome Zaburi 88, polepole, kwa sauti. Mwenye zaburi analia usiku na mchana, na mstari wa mwisho, wa 18, unamwacha gizani. Imo katika zaburi tunazoimba, na hakuna aliyeirudia kuitia tone la nyeupe.