Bagamoyo hadi Mandvi, begi mgongoni

Mtoto wa Bagamoyo huijua India kabla hajaiona kwenye ramani. Ameiona kwenye milango ya Mji Mkongwe na kwenye maduka, ameisikia kwa wazee wakisimulia majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Sewa Haji, tajiri wa karne ya 19 aliyewapatia wapagazi wasafiri wa bara, ukoo wake ulitoka Kutch, magharibi ya India, na hadi leo Muhimbili kuna wodi yenye jina lake. Basi tulipokamilisha kudunduliza nauli, mimi, binamu yangu na rafiki yetu fundi wa majahazi, suala la twende wapi halikutuchukua muda.

Ndege ilitushusha Mumbai. Kutoka hapo tulikubaliana ni treni na mabasi tu.

Treni ya kwenda Bhuj, mji wa huko Kutch, inakesha njiani. Tulikata tikiti za behewa la kulala la bei nafuu, lisilo na kiyoyozi, vitanda vitatu vitatu, kimoja juu ya kingine. Kitanda cha kati mchana huning'inia kikawa egemeo la waliokaa chini. Usiku kinainuliwa na kufungwa kwa minyororo, kwa hiyo mmoja akitaka kulala, wote mlale. Mama mmoja aliyekuwa na wajukuu wake alifungua kifurushi cha thepla, chapati nyembamba zilizokandwa kwa majani ya uwatu, akatugawia na achari ya embe bila kutuuliza tunakwenda wapi. Mtu akisema Wahindi hawachangamani na wageni, nitampeleka kwenye behewa lile.

Bhuj tulipita tu. Mji ule ulibomolewa na tetemeko la Januari 2001 lililoua maelfu ya watu wa Kutch, na sehemu kubwa unayoiona ni ya baada ya hapo. Tukapanda basi, kama kilomita 60, mpaka Mandvi, mji wa pwani wa Kutch.

Hapo ndipo fundi wetu alipopoteza usemi. Kandokando ya mto Rukmavati zimesimama meli za mbao zinazojengwa, kubwa kuliko jahazi lolote nililowahi kuliona pwani yetu, mataruma yake wazi kama mbavu za nyangumi. Siku hizi zinaendeshwa kwa injini, lakini mbao bado zinachongwa kwa mikono, na meli moja huchukua miaka kumalizika. Fundi akachuchumaa kwa mzee aliyekuwa akipiga kalafati. Mzee alikuwa anasokota uzi wa pamba, anaulaza kwenye mshono kati ya ubao na ubao, kisha anaushindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti, polepole, kidole kikitangulia kupapasa. Fundi alinyoosha mkono kuomba patasi. Mzee akamtazama vidole, akampa. Walifanya kazi kwa muda mrefu bila kuwa na hata neno moja la kuelewana, na mshono wa fundi wetu haukurudiwa.

Jioni, tukila dabeli barabarani, mkate mdogo uliojazwa viazi vya masala, karanga na punje za komamanga, sauti ikatoka nyuma yetu: "Nyinyi watu wa wapi?"

Kiswahili! Alikuwa babu wa Kihindi mwenye fimbo.

"Shikamoo babu. Bagamoyo."

"Marahaba wanangu. Mimi nilikuwa na duka Pangani, zamani sana. Mto bado mnavuka kwa pantoni?"

Akakaa nasi mpaka muuzaji akafunga, akiuliza habari za bei ya nazi na watu ambao hatukuwajua.

Kutoka Kutch tulizunguka kwa mabasi hadi upande wa Gir. Watalii huenda kule kutafuta simba, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee duniani wanakobaki simba wa Asia porini. Sisi tulikwenda Jambur, kijiji cha Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Wengine waliletwa utumwani, wengine walikwenda kama mabaharia na askari. Wanaongea Kigujarati. Vijana walitupigia ngoma, mmoja akarusha nazi hewani na kuipasua kwa kichwa. Wageni wengi huona mchezo huo hotelini, wakapiga picha, wakaondoka bila kujua wanaocheza ni kina nani. Jambo hilo liliniuma.

Bibi mmoja alituuliza, mjukuu wake akitafsiri, wazee wao walitoka kijiji gani. Hakuna aliyewaandika wakati wanapakiwa, na sisi tulitoka katika mji ambao misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikiishia ufukweni. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuficha. Akanishika mkono, akaagiza tuletewe chakula.

Katika jiji la Ahmedabad tuliuona msikiti wa Sidi Sayyid, wa 1573, wenye madirisha ya jiwe lililotobolewa hadi likawa mti na matawi yake. Aliyeujenga alikuwa mtu wa asili ya Afrika. Watoto wetu wa shule wafundishwe na hilo pia, pamoja na habari za minyororo.

Fundi ameshaanza kuweka akiba ya kurudi Mandvi. Msimamizi wa pale alimwambia akija tena aje na tezo yake, kazi ipo.