Mjomba, Big Ben na lile shimo

Mjomba wangu ni fundi ujenzi wa Tanga, kachimba visima na vyoo tangu sijazaliwa. Alivyokuja London nikampeleka Westminster, nikajua tutapoteza saa nzima kwenye picha za Big Ben, ule mnara wa saa. Wapi! Kaiangalia kidogo, akasema haya tumeiona, tushuke tukapande treni.

Huko chini sasa ndo balaa. Zile ngazi za umeme za kwenda Jubilee, laini mojawapo ya treni za chini ya ardhi, zinakupitisha katikati ya bonge la shimo, kuta zege tupu, hamna rangi hamna vigae, afu juu ya kichwa mabomba ya chuma manene kama pipa la mafuta yamekatiza kuzuia kuta zisije zikakutana. Mjomba akaganda upande wa kushoto, njia ya wanaotembea, nyuma watu washaanza kuguna.

"Limeenda chini mita ngapi hili?"

39, nikamwambia. Na mnara uko mita 34 tu kutoka ukingoni.

"We mjomba, mi nikichimba choo karibu na ukuta wa jirani silali!"

Ikabidi nimpe stori yote. Stesheni ya zamani ilifunguliwa 24 Desemba 1868, enzi za treni za moshi, ile walichimba mtaro tu wakafunika juu. Shimo ni la miaka ya 90, Jubilee ilipoongezwa mpaka Stratford, mashariki ya London. Udongo wa pale ni mfinyanzi, ukiutoa huku wa pembeni unasogea na mnara nao unafuata, kwahiyo walipitisha vibomba chini ya msingi wake wakawa wanasukumia uji wa simenti kidogo kidogo, kikomo cha kusogea milimita 35 basi. Majukwaa ya Jubilee nayo wakayapanga moja juu ya jingine ili mahandaki yasiusogelee mnara. Na wakati wote huo treni za District, ile laini ya zamani ya juu ya shimo, zinapita kama kawaida, eti reli yao wakaishusha milimita 300 kwa kazi za usiku usiku, ili juu ijengwe Portcullis House, ofisi za wabunge. Jubilee ikafunguliwa pale 22 Desemba 1999.

Mjomba kimya. Tumefika jukwaani, treni tatu zimepita, ile milango ya vioo ya ukingoni mwa jukwaa inafunguka inafunga, yeye anapapasa ukuta anatafuta nyufa.