Kurudi Kijijini na Majibu

Nilipochagua kusomea uongozi na ushirikishaji wa jamii chuo kikuu, ndugu zangu hapa Busia, upande wa Uganda, waliniuliza kama ninajiandaa kugombea udiwani. Sikuwalaumu, kwa maana kwetu neno uongozi humpeleka mtu moja kwa moja kwenye uchaguzi, na ngazi zake zinajulikana na kila mmoja, kuanzia LC1, yaani baraza la kijiji, hadi LC5, baraza la wilaya. Wakati ule sikuwa na jibu la kuwapa. Nililipata mwaka wa pili, katika kijiji kimoja karibu na Ziwa Viktoria, penye kisima cha pampu ya mkono kilichokuwa kimekaa miezi mitano bila kutoa maji, mpini wake umefungwa kwa kamba ya katani na majani yameota mpaka kwenye saruji.

Darasani tulianza na sheria. Nilikuwa nimekua nikiamini kwamba LC1 ni mzee mwenye mhuri, yule unayemwendea ukitaka barua ya utambulisho, kumbe Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inasema baraza la kijiji ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, na kamati ya watu 10 inawatumikia hao. Sheria ni nzuri, lakini utekelezaji wake umesuasua: uchaguzi wa LC1 ulifanyika mwaka 2001, kisha haukufanyika tena hadi Julai 2018, watu walipopanga foleni nyuma ya wagombea wao. Kuna watu waliofika utu uzima, wakaoa na kuzaa, bila kuwahi kumchagua mwenyekiti wa kijiji chao.

Tulifundishwa pia ngazi ya ushiriki, mfano wa kupima wananchi wanashirikishwa kwa kiasi gani, ya Sherry Arnstein, Mmarekani aliyeichapisha mwaka 1969. Ina vipandio 8, na cha chini kabisa ni pale wananchi wanapoitwa ili waonekane tu kwamba wameitwa. Kuomba maoni ni kipandio cha nne, maana mtu anaweza kuulizwa vizuri sana na maoni yake yasibadilishe chochote. Niliyakariri hayo yote kwa ajili ya mtihani.

Kijijini tulikutana chini ya mwembe, wanaume kwenye viti vya plastiki, akina mama kwenye mikeka. Niliuliza kisima kina tatizo gani, wakajibu wanaume watatu, na kwa muda mrefu hakusema mwingine. Mwalimu wetu alituelekeza tuache maswali, tuwaombe watu wachore ramani ya kijiji chini, kwa majivu na vijiti. Nilianza mimi, nikachora njia ya kwenda kisimani. Mama mmoja aliinuka mkekani, akachukua kijiti, akafuta nusu ya njia yangu kwa kiganja, akachora nyingine iliyoshuka hadi kwenye kinamasi. Huko ndiko walikokuwa wakiteka maji, na hakuna mwanaume aliyekuwa amekutaja. Alipomaliza alinigeukia, akasema kwa Kiswahili, ambacho hapa mpakani ndicho lugha ya soko, ingawa sehemu nyingine za Uganda bado kinakumbukwa kama lugha ya jeshi: "Mwanangu, nyinyi watu wa chuo huja, mkaandika, mkaondoka. Majibu yetu huwa mnayapeleka wapi?"

Swali lile lilinikosesha usingizi. Ripoti yetu iliandikwa kwa Kiingereza, ikasahihishwa, ikapata alama nzuri, na kwa taratibu za kozi, kazi ilikuwa imekwisha. Wanne kati yetu tulichanga nauli, tukaifasiri kwa Kiswahili, tukarudi kuisoma chini ya mwembe ule ule. Katika kuifasiri nilifika kwenye sentensi iliyosema kwamba kaya nyingi hazitaki kuchangia matengenezo. Kwa Kiingereza ilikuwa imepita bila kunisumbua. Nilipoisoma kwa Kiswahili, mbele ya wenye kaya hizo, nilisikia kwamba nilikuwa nawashtaki watu ambao sikuwa nimewauliza sababu.

Walinisahihisha kwa upole mkubwa kuliko nilivyostahili. Kila nyumba ilikuwa ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, na walitoa kwa muda mrefu. Waliacha baada ya kamati ya maji kuacha kusoma hesabu hadharani. Mweka hazina alikuwepo. Alitumwa mtoto nyumbani kwake, akaleta daftari la jalada la bluu lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mzee yule akalisoma ukurasa kwa ukurasa, ikiwa ni pamoja na fedha alizomlipa fundi aliyekuja mara moja na asirudi. Hakuwa ameiba. Alikuwa ameona aibu kwa sababu fedha zimeisha na pampu haijapona, akaamua kunyamaza. Mkutano ulikwenda mpaka magharibi, na walikubaliana kuanza kuchanga upya, hesabu ikisomwa kila mwisho wa mwezi.

Ninaamini kwa dhati kwamba tulijifunza uongozi jioni ile, kwa yule mzee na daftari lake na kwa watu waliomsikiliza hadi mwisho. Nasikitika kwamba katika kozi yetu zimetengwa alama za pendekezo, za ukusanyaji wa taarifa na za ripoti, na hakuna hata alama moja ya kurudi. Nimeliandikia idara jambo hili mara mbili, na nitaliandika tena.

Wanafunzi wa mwaka wa pili wanakwenda kijiji kile mwezi ujao. Nimewapa nakala yetu ya Kiswahili, ile yenye masahihisho ya wanakijiji pembeni kwa kalamu nyekundu, na nimewaomba, kabla ya kuuliza swali lolote jipya, wamwombe mwenyekiti ruhusa ya kuisoma kwanza.