Jinsi nilivyoiokoa mbege yangu na baridi ya Julai

Julai huku Marangu juu, baridi hupanda kutoka sakafuni. Mbege yangu, pombe ya ndizi na ulezi, ikawa haiumuki. Ndizi nilichemsha vizuri, kimea cha ulezi kilikuwa safi, lakini nikifunua jaba, pipa la kuchachushia, asubuhi hakuna povu na utamu uko palepale. Nikanunua kimea kingine. Bado.

Alfajiri moja nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 14. Kumbe chachu haikufa, ilikuwa imesinzia. Ikipata nyuzi 20 na kitu, huamka yenyewe.

Kwanza nilisogeza jaba karibu na mafiga. Lilikuwa kosa. Upande wa moto uliungua, upande wa pili ukabaki baridi, na pombe ikawa kali kama siki. Nilimwaga yote, na iliniuma.

Kilichofaa ni kuliinua jaba kutoka kwenye saruji. Nililiweka juu ya mbao na gunia la majani makavu ya mgomba, nikalizungushia blanketi zito. Jioni nikaingiza ndani ya blanketi madumu mawili ya lita 5 yenye maji ya moto, nikayabadilisha kabla ya kulala. Uji wa kimea nao simwagii ukiwa wa moto, unaua chachu. Nangoja uwe vuguvugu. Kifuniko sikikazi, hewa lazima itoke.

Alfajiri iliyofuata: nyuzi 23, povu limejaa mpaka ukingoni. Mama mkwe alionja, akaomba kata ya pili.